Mama Mkwe Ananiita Kila Asubuhi Ninuse Kibuyu

Kwa heshima zote, na kwa niaba ya familia nzima, natangaza kwamba pua yangu imepandishwa cheo. Kwa miaka kumi na moja haikuruhusiwa kukaribia kibuyu cha mama mkwe wangu. Kuanzia mwaka huu inaitwa jikoni kila asubuhi. Msipige makofi bado.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita. Kwetu ni upande wa ziwa. Nilikuja huku kufanya kazi kwa kiwanda cha majani chai, nikaolewa na Mkipsigis, na boma letu liko Konoin, si mbali sana na Boito. Admin, ficha jina. Huku watu wanatambuana hata kwa kikohozi.

Mama mkwe wangu anajulikana kwa mursik, yale maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti uitwao senetwet. Mkaa ukikosea kidogo maziwa yanaharibika, na mwenye kujua anajua kwa kunusa tu. Kila mwaka mvua ikishakolea na ng'ombe wakishiba, senta yetu ina sherehe: tenti, kwaya, nyama choma, na mashindano ya vibuyu. Mama huwa anashinda. Wengine huenda kushindania nafasi ya pili. Kazi yangu ilikuwa kuosha vikombe. Siku moja nilijaribu kumsaidia, akaniambia polepole, "Mkono wa samaki hauingii kwa kibuyu."

Sasa, mwezi wa kwanza aliugua homa mbaya. Alipopona, akabadilika. Asubuhi moja akaniita, akafungua kibuyu, akakileta hadi kwa uso wangu.

"Nusa."

Nikanusa.

"Unasikia nini?"

"Maziwa, mama."

Hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayesubiri dawa ifanye kazi. Kesho yake tena, na kesho yake tena. Akaenda hospitali Kapkatet peke yake, akarudi hasemi neno. Dada yake akija, wanaongea Kikipsigis chini chini, nami nikiingia wananyamaza na kunisifia chai. Chai yangu haijawahi kusifiwa na mtu. Hapo ndipo niliogopa kabisa.

Nilimweleza rafiki yangu wa kutoka kwetu, ambaye tunachuma chai pamoja siku za mapumziko. Akaacha kuchuma.

"Nyar mama, dada yangu, mtu haitwi anuse kitu bure. Anakuzoesha."

"Ananizoesha nini?"

"Siku atakuambia unywe, ndiyo utajua."

Nikaanza kulala na watoto wangu. Mume wangu akiniuliza, nasema ni baridi.

Siku ya sherehe ikafika, na wingu jeusi juu ya mashamba ya chai kama limekodishwa. Desturi ya hapa ni kwamba anayeleta kibuyu ndiye anaonja wa kwanza, watu wakimwona, ndipo wazee wapokee. Miaka yote mama huonja mwenyewe. Tulipoitwa mbele, alimimina kikombe, akageuka, akanipa mimi.

Watu wakanyoosha shingo. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu? Wa samaki?"

"Kunywa," mama akaniambia. "Halafu uniambie iko aje."

Ningefanya nini mbele ya senta nzima? Nikanywa. Ilikuwa chachu na kali kooni. Nikasema, "Iko sawa, mama." Nikasimama pale nikingojea kufa, huku mwenye kipaza sauti akiomba mwenye pikipiki nyekundu aiondoe mlangoni. Niliwaza watoto wangu wataitwa mbele na sauti hiyo hiyo.

Sikufa. Wazee walikunywa, wakaangaliana, wakaandika. Tukasogea kando, karibu na moto wa nyama, mama akisalimiana na watu. Mara ikaja harufu ya sufu inayoungua, mbaya, watu wanaziba pua na kugeuka huku na huku. Moshi ulikuwa unatoka kwa shali la mama. Kaa lilikuwa limeangukia pindo, limekula tundu la kuingiza ngumi, na yeye amesimama hapo anauliza mtu habari ya mahindi.

Nililipiga lile shali kwa mikono yangu mpaka likazima. Mama akaangalia tundu, akaniangalia mimi.

"Mama, hukusikia harufu?"

Alinivuta nyuma ya tenti. "Tangu ile homa. Hata kinyesi cha ng'ombe sisikii. Daktari alisema pua inaweza kurudi sawa. Haijarudi."

"Kwa nini hukuniambia? Kwa nini mimi, na una mabinti?"

"Wale wataongea," akasema. "Wewe huna mtu wa kuambia huku."

Wapendwa, hayo maneno yaliniuma kuliko mkono wa samaki. Na mbaya zaidi, ni kweli. Ndiyo maana nawaambia ninyi, maelfu ambao siwajui.

Lakini si hayo yanayoninyima usingizi. Krismasi iliyopita mume wangu alimnunulia mama jiko la gesi. Juzi nimeingia jikoni, gesi inavuja, harufu imejaa mpaka macho yananiwasha, na mama ameketi katikati anachambua maharagwe, kiberiti mapajani. Nilikimbia kufunga mtungi. Akaniuliza kwa nini nakimbia.

Nikimwambia mume wangu, watamtoa jikoni, na bila jiko mama atakuwa mgeni kwa boma lake. Na mimi nitakuwa yule wa ziwa aliyemuuza. Nikinyamaza, kuna asubuhi nitachelewa kutoka kitandani. Nishaurini, nifanye nini?

Na kwa wale watakaouliza kuhusu kibuyu: kwa miaka kumi na moja sikuwahi kuruhusiwa kunusa mursik iliyo sawa. Kwenye mashindano tulikuwa wa mwisho.