Viatu vya Rafu ya Juu

Fundi viatu niliyepakana naye kibarazani miaka kumi na mmoja ana maneno mengi kuliko misumari, na misumari anayo kopo zima. Mimi nashona nguo, yeye anashona viatu, na gundi yake imeshaniharibia vitambaa vitatu. Riziki yake kubwa ni viatu vya kupandia mlima, maana wapandaji hupita mbele yetu. Mteja akileta jozi, kabla hajaambiwa bei atahubiriwa kwanza.

"Usinunue kiatu kwa macho," humwambia. "Kilichochakaa kwa kutembea bado kizima. Cha kuogopa ni kile kilicholala miaka saba kabatini kikabaki kipya. Soli imeoza ndani kwa ndani. Bonyeza na dole gumba. Ikibonyea ikabaki na shimo, tupa." Kisha huendelea: kucha zikatwe, filimbi ikae shingoni, kamba nyembamba mfukoni, na nyumbani abaki mtu anayejua utarudi saa ngapi. Nimewahi kumwambia kwamba angefungua kanisa angekuwa na gari.

Jumamosi moja saa nne asubuhi aliinua macho kwenye rafu ya juu, akakuta pengo. Palikuwa na jozi ya kahawia iliyotelekezwa na mteja miaka mingi. Hakuiuza wala hakuitupa. Kila wiki aliipiga rangi ikang'aa, kwa sababu kizuri chajiuza na watu walisimama kuitazama. Rangi hiyo ndiyo iliyofunika nyufa.

"Jirani, nani kachukua ile jozi?"

"Binti yako, jana jioni. Alisema umemtuma."

Hakuwa amemtuma. Alimpigia mkewe, na yule mama hakuchelewa kulia: binti alikuwa ameondoka alfajiri kupanda mlima na wenzake wa duka la dawa, na alikuwa amemwapisha mama yake asiseme. Alijua baba hataki. Kila alipotaja mlima, baba alikatiza maneno, akaomba chai. Basi binti alichagua viatu kwa macho, akachukua vilivyong'aa kuliko vyote.

Simu ya binti haikupatikana. Fundi akampigia mwongoza wageni mmoja, mteja wake, aliyekuwa langoni kwenye mlima. Aliweka simu juu ya meza yangu ya cherehani, akafungua sauti nami nisikie.

"Hao wameshafika juu, Fundi. Muda si mrefu wataanza kushuka."

"Kushuka ndiko kubaya, uzito wote unagonga soli. Mkimbilie, ndugu yangu! Kikiachia asikivue, mawe yale yatamchana. Pitisha kamba chini ya soli, zungusha kisigino mara mbili, fundo likae juu ya mguu asilikanyage. Pale kwenye genge ashuke kinyumenyume, ameshika mwamba. Kamba unayo?"

"Ninayo. Wewe ungeniachia nitoke bila kamba?"

Tulipanda pikipiki moja, sisi wawili nyuma ya dereva, na mimi sikukumbuka hata kufunga cherehani. Langoni tulikaa kwenye benchi tangu saa saba. Nilitaka kumtukana, nikamtukana.

"Nilidhani nikinyamaza hatakwenda," alisema.

"Sasa kunyamaza kwako kumemzuia nani?"

Vikundi viliteremka, watu wenye vumbi wakicheka na kupigana picha, na kila kofia iliyotokeza kwenye kona ilimnyanyua fundi pale kitini. Saa tisa walitokea wenzake binti. Walikuwa wanne, na hakuna aliyekuwa akicheka. Soli ilikuwa imeng'oka palepale kwenye genge, wakasema. Binti aliteleza, akanaswa na kichaka. Mwongoza wageni alimkuta hapo, akawaamuru wengine watangulie.

"Yuko hai?" fundi aliuliza.

"Tulipomwacha alikuwa anaongea, mzee."

Saa nzima na zaidi tuliishi na jibu hilo. Nimezaa watoto watatu, na sijawahi kuona saa ndefu kama ile. Fundi alitembea toka langoni mpaka kwenye kona na kurudi, na mlinzi aliyetaka kumkataza alimtazama usoni akamwacha.

Walipotokea, binti alikuwa ameegemea bega la mwongoza wageni. Goti limechanika, mkono umefungwa kwa shuka, kiatu cha kulia kimezungushiwa kamba kama fundi alivyoagiza. Fundi akafungua mdomo. Nikajua hotuba inakuja, nikamkanyaga mguu. Alipiga magoti mbele ya mwanawe, akashika ile kamba.

"Baba," binti alisema. Hakuwa analia, ningependa angelia. "Huyu kaka njia nzima ananieleza mambo ya soli, ya kamba, jinsi ya kushuka. Anasema yote kayapata kwako. Kweli wateja huwa unawaambia?"

"Kila siku," nikajibu mimi. "Hata wasiotaka."

"Basi mimi nilikukosea nini?"

Fundi aliendelea kushughulika na kamba. Fundo lilikuwa limekaza na mikono yake ilimkatalia, ikabidi nilifungue mimi.