Maua ya Manjano Kando ya Mfongo

Kwetu Singida ng'ombe hutembea. Asubuhi anatoka, jioni anarudi, na katikati hapo anajichagulia chakula chake. Nilipoolewa Old Moshi nikakuta ng'ombe wa mama mkwe amefungwa bandani tangu ndama, anasubiri majani yaletwe kichwani. Iliniudhi. Mimi mwenyewe sikuwa mtu wa kutulia. Nilizunguka kihambani, kwenye migomba na kahawa, mpaka wifi akaniuliza nimepoteza nini. Mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya miwa, anakuja mwisho wa mwezi.

Maziwa yangu yalikatika mtoto akiwa bado mdogo. Ya kopo hayakuonekana madukani, miaka ile ambayo hata sabuni tuliipangia foleni. Kwa hiyo mwanangu aliishi kwa yule ng'ombe. Nami nilishamwambia mama mkwe waziwazi: siku maziwa yakikosekana, nambeba mwanangu narudi kwetu.

Masika yale maziwa yakakosekana kweli. Ng'ombe alichuruzika mate, midomo ikamvimba, na kidogo kilichokamuliwa kilikuwa kichungu. Wifi alinong'ona habari za jicho baya. Mama mkwe alimwomba Mungu, kisha akamwongezea ng'ombe majani.

Nikaenda kuyatazama hayo majani. Aliyakata kando ya mfongo, mfereji unaotuletea maji kutoka juu, ambako mvua ilikuwa imeotesha magugu yenye maua ya manjano yanayong'aa kama yamepakwa siagi. Mundu haubagui. Nikatafuna jani moja. Ulimi ukawaka moto, nikatema. Bila kuomba ruhusa nikamfungua ng'ombe, nikamvuta hadi mfongoni, mama mkwe akinifuata na kulalamika kwamba atamaliza migomba ya watu. Ng'ombe akala nyasi kuyazunguka yale maua. Hakugusa hata moja.

"Mama, huyu akiachiwa anajua," nikamwambia. "Bandani hana namna, anakula anacholetewa."

Mama mkwe alimrudisha ng'ombe bandani, akamfunga. Nilichemka. Mtoto alikuwa akilia, uji mwepesi haumshibishi, na mimi nikafunga nguo zetu kwenye khanga, nikaanza kuulizia basi la Jumamosi. Siku hizo zote mama mkwe nilimwona kwa nadra. Alitoka mapema, akarudi na matope hadi magotini.

Jumamosi asubuhi aliingia chumbani kwangu na kikombe cha maziwa, nusu tu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaonja yeye kwanza mbele yangu, kisha akanipa. Ndipo nikaiona mikono yake. Vidole vilikuwa vimevimba, vimejaa malengelenge kwa utomvu wa yale magugu, hata kikombe alikishika kwa viganja.

"Nimeyang'oa yote, ya kwetu na ya majirani, mpaka juu kwenye chanzo," alisema. "Sasa utaondoka kwa lipi?"