Fagio Lililouona Moto

Mama mkwe wangu alifagia kiwanda cha sufuria kwa miaka ishirini na mitatu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomcheka. Nalisema hili mapema ili ujue ni nani anayekusimulia. Ni fundi wa kuchomelea katika kiwanda hichohicho. Nilimwoa binti yake wa pili, na kazini tuliheshimiana kama inavyompasa mtu na mkwewe: tukikutana mlangoni yeye alinipisha, mimi nikampisha, mpaka wote wawili tukabaki nje tukingojana.

Wenzetu walimwita Mama Fagio. Mafagio yake aliyafunga mwenyewe kwa njiti ndefu zilizonyooka, akizikaza kwa vipande vya waya alivyookota karakanani kwangu. Hakuazima fagio la mtu wala hakumwazima mtu lake. Akimaliza kazi alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, na siku alipolikuta limeegeshwa kwenye maji, stoo nzima ilimsikia.

Alumini chakavu ikiyeyuka, juu yake hutanda ganda la kijivu. Sisi tuliliita ukoko, ingawa ukoko wa kweli hukaa chini ya sufuria. Wapakuaji waliukwangua, na Mama Fagio na wenzake wanne wakauzoa ungali moto na kuumwaga uani. Miaka ilikwenda, lundo likawa kilima kirefu kuliko ukuta. Mvua ikinyesha kilima kilifuka mvuke, kikatokota chinichini, na harufu kama ya choo cha stendi ikaingia madirishani kwa majirani. Mlinzi wetu aliwahi kutia ukoko mbichi kwenye kopo la rangi, akaufunika vizuri ili akapake ukuta kwake. Mfuniko uliruka ukapiga paa. Jamaa aliapa kwamba ni jini, akahamishiwa lango la mbele kwa ombi lake mwenyewe.

Mama Fagio hakuamini habari za jini. Yeye alichota ukoko kiganjani, akautia kwenye kikombe cha bati chenye maji, akakiweka sikioni. Ukichemka alisema bado una uhai. Ukinyamaza alisema umekufa. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Alitaka tu kujua anafagia nini.

Asubuhi moja baada ya mvua alinijia karakanani na fagio lililoungua ncha. Akanisalimu, akaniulizia wajukuu, ndipo akasema taratibu:

"Mkwe, pale uani kuna moto usioonekana."

Nilitazama fagio, nikatazama miguu yake, maana macho ya mama mkwe hayakodolewi. Nikamjibu kwa adabu kwamba lazima aligusa ukoko wa moto. Akasema hapana, ncha zilishika zikiwa hewani, hazijagusa kitu. Nikaitikia. Halafu, bila haya yoyote, nikaenda kuwasimulia wenzangu. Tangu siku ile hakupita penye tanuri bila kuulizwa moto wake leo umejificha wapi. Alicheka nao, akaendelea kufagia. Kwangu hakulirudia tena neno hilo, na mimi nikadhani limekwisha.

Kisha ikaja barua. Majirani walikuwa wameshtaki, na kiwanda kikapewa siku sitini kuondoa kilima. Msimamizi alikata shauri la kukizika kwenye shimo na kuwaachisha kazi wafagiaji wote watano, kwa kuwa ukoko ungekuwa ukichukuliwa na gari moja kwa moja. Mama Fagio alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu. Mke wangu alinitazama usiku kucha kana kwamba barua ile niliiandika mimi.

Aliyetuokoa alikuwa mkemia, binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Alikuja kupima harufu, akamkuta Mama Fagio na kikombe chake sikioni. Wengine walikuwa wakipita wakitabasamu. Yeye aliketi chini akaomba asikilize. Siku hiyohiyo alimwambia msimamizi kwamba kinachotokota pale ni mabaki ya alumini yanayokula maji na kutema gesi, na gesi ile inawaka. Gesi ikishatoka, hubaki unga mweupe unaostahimili moto mkali. Na kuna mgodi unaonunua vikombe vidogo vya unga wa namna hiyo, vya kuyeyushia mchanga wa mawe ili wajue una dhahabu kiasi gani. Yaani gesi ya ukoko ichome vikombe vya ukoko. Msimamizi alikubali wajaribu mara moja, mbele ya watu wa mgodi. Wakiridhika, kilima kitakuwa mali na wafagiaji watabaki. Wasiporidhika, shimo lipo.

Mabomba niliyachomelea mimi. Mama Fagio alichagua ukoko wenye uhai, pipa baada ya pipa, kwa sikio. Majaribio ya kwanza tuliyafanya ndani ya karakana, gesi ingali chafu, na mwali ulikuwa na manjano ya kutosha kumfurahisha mtu. Kisha mkemia akaongeza mapipa mawili ya maji ya kuisafisha, harufu ikaisha kabisa.

Siku yenyewe wageni watatu walifika saa sita, jua la utosi. Tulitoa bomba uani ili waone vizuri. Mkemia alikuwa kule mwisho, nyuma ya mapipa, akiangalia mshale wa kipimo. Mimi nikafungua koki, nikasogeza kijiti chenye moto kwenye mdomo wa bomba. Palisikika "pu" hafifu, kijiti kikazimika. Nikatazama. Hapakuwa na kitu. Mdomo wa bomba ulikuwa kama nilivyoutengeneza, mtupu, na nyuma yake ukuta.

Mgeni mmoja aliangalia saa. Msimamizi akavuta pumzi, akasema basi, tusiwapotezee wageni muda. Nikawaona wafagiaji wanne wakitazama chini, na nikahisi uchungu wa mtu ambaye kazi yake imewaponza wengine. Nikadhani bomba limeziba. Nikainama, nikanyoosha kiganja kuziba mdomo wa bomba nisikie kama gesi inatoka.

Mpini wa fagio ulinipiga kifundoni mwa mkono, pigo la haki, nikarudi nyuma hatua tatu. Mama Fagio alikuwa amesimama kati yangu na bomba. Mwanamke ambaye hajawahi kunipandishia sauti alikuwa amenicharaza mbele ya wageni.

Aligeuza fagio, akalishusha polepole kuelekea mdomo wa bomba, njiti mbele. Zilipokuwa bado mbali na bomba, mbali kuliko urefu wa mkono wangu, ncha zikashika moto. Hazikugusa kitu. Ziliwaka kutoka kwenye hewa tupu, moja baada ya nyingine, nyekundu mchana kweupe. Akalisogeza kushoto, zikawaka. Akalisogeza kulia, zikawaka. Alikuwa anatuchorea umbo la mwali mkubwa uliokuwa umesimama mbele yetu muda wote ule, na sisi na macho yetu hatukuuona. Ndipo nilipotambua ukuta wa nyuma ulikuwa ukicheza, matofali yakitetemeka kama yapo chini ya maji.

Miaka ishirini na mitatu uchafu ule tuliutemea mate, nao ulikuwa umebeba moto safi kiasi hiki, moto usio na moshi wala rangi. Mgeni aliyekuwa akiangalia saa alivua kofia. Sidhani alijua kwamba ameivua. Mkemia alikuja mbio, akaona fagio, akaketi chini palepale akishika kichwa kwa kukumbuka alichosahau kutuonya: gesi ile ikisafishwa, mwali wake hauonekani juani.

Vikombe vilichomwa alasiri ile. Vilitoka vyeupe, na ukivigonga kwa ukucha vinalia. Wiki tatu baadaye watu wa mgodi walirudi na mkataba, na kikombe kimoja walichokitumia. Ndani yake, katikati kabisa, palikuwa na tone la dhahabu dogo kuliko punje ya mtama. Wafagiaji walikipokezana bila kupumua. Nami nilikishika kwa mikono miwili, nikaona aibu na furaha vikinijia pamoja.

Zamu ya Mama Fagio ilipofika nilimpelekea mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi tangu siku ya fagio, na hapo yakanipotea yote. Alilitazama lile tone kidogo, akanirudishia kikombe. Kisha akafanya jambo asilowahi kulifanya tangu nipose kwake: alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akaukagua kidole kwa kidole kama anayechambua mchele.

"Binti yangu nilimkabidhi kwenye mkono huu," alisema. "Siku nyingine nikikwambia kuna moto, mkwe, niamini."

Akauachia, akaenda kuchukua fagio lake msumarini. Lilikuwa limebaki nusu.