Mtaalamu wa Zoom alivyonifanya nikate miti ya kivuli kwenye kahawa ya dada yangu

Wakuu, heshima kwenu. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe, na mjinga namba moja ni mimi.

Lockdown ya pili ya Corona niko Mount Druitt, hapa Sydney, nafanya warehouse. Nikitoka shift hakuna pa kwenda, mwisho kilomita tano toka nyumbani. Ndipo nikajiunga na darasa la kilimo kwa Zoom.

Mwalimu ni Mbongo mwenzetu wa Guildford, hapahapa Sydney, tumwite Injinia. Background yake msitu, kila sentensi "modern farming". Akatangaza kwamba kulima kahawa chini ya miti ni ushamba. Kata, jua liingie, mavuno yapande!

Nikampigia dada yangu Neema, kule Kasulu, Kigoma, nikamwambia akate miti. Yeye ndiye anayelima shamba la marehemu baba: kahawa na migomba chini ya mikenge, ile miti mikubwa ya kivuli.

Akacheka. "Mdogo wangu, kahawa ikiungua huyo mtu wako atakuja kuifunika na laptop?"

Mimi na kiburi cha mtu wa majuu, nikamwambia hajasoma. Ndiyo, nilimwambia hivyo dada aliyeacha shule ili mimi nisome.

Halafu nikamzunguka. Nikamtuma binamu na chainsaw siku dada yuko kanisani.

Mikenge kumi na moja. Chini yote.

Kiangazi kahawa ikawa njano, majani yakapukutika. Mvua ziliponyesha udongo ukateremka wote mtoni, hakuna mizizi ya kuushika.

Nikamuuliza Injinia darasani. "Climate change hiyo, brother." Kisha akani-mute. Mtaalamu mzima!

Mji ulipofunguliwa nikamfuata Guildford. Wakuu, bustani ya Injinia ni nyasi za plastiki! Nikamuuliza amewahi kulima wapi. Akajibu bila aibu, "Mimi niko upande wa theory."

Nikageuka nikaondoka. Ningemtukana vipi, wakati aliyetuma chainsaw ni mimi?

Dada hakunisema. Amepanda miche ya mikenge upya, anaimwagilia kwa ndoo. Nilipoomba msamaha alisema tu, "Ukija likizo beba kofia. Kivuli hakuna."

Somo: anayekufundisha shamba, muulize kwanza lake liko wapi. Na aliyelishika jembe miaka yote, msikilize kabla hujaanza kuongea kizungu.

Mliowahi kumuumiza ndugu kwa ujuaji wa namna hii, semeni hapa chini: mlianzia wapi kurudi kwake?