Shikamoo Kando ya Lami

Nilipewa kazi ya kukagua barabara ya Malindi kwenda Kilifi kwa miguu, niandike ni wapi waendao kwa miguu na kwa baiskeli hawana pa kupita. Karibu kote hawana. Lami inakatika ghafla, halafu ni mtaro. Kila lori likinipita, leso yangu ilipeperuka.

Karibu na Gede nilimwona mzee akinijia kwa baiskeli, amefunga gunia la nazi nyuma. Mimi nimelelewa, simpiti mzee kimya.

"Shikamoo, baba."

Naye kalelewa vilevile. Kwao mtu haitikii salamu akiwa juu ya baiskeli. Akafunga breki, akashuka upande wa lami, maana upande wa pili ulikuwa mtaro mtupu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nyuma yake nililiona lori. Nikanyosha mkono kumwonyesha. Honi ikalia, upepo ukatusukuma, baiskeli ikaanguka, gunia likapasuka na nazi zikabingirika barabarani.

Alikuwa mzima. Akaiokota kofia yake, akaipangusa, akanitazama kwa masikitiko kwa kuwa sikuwa nimemjibu. Alikuwa bado amesimama palepale kwenye lami.

"Nakuuliza, mwanangu, hujambo?"

Tangu siku hiyo, nikimwona mzee juu ya baiskeli, nainamisha kichwa nikapita kama simjui. Nasikia wanasema sina adabu. Na waseme, maadamu wako hai wa kusema.