Siku Niliyorudi Kuisikiliza Reli

Siku yangu ya kwanza kazini, stesheni ya Karatina, nyapara hakuniuliza hata jina. Alinipa nyundo ya mpini mrefu, akanyoosha kidole upande wa Kiganjo, akasema, "Tembea. Gonga kila kabari. Ukirudi uniambie umesikia nini."

Kabari ni kipande cha chuma kinachoibana reli isicheze juu ya taruma, na taruma ni ile boriti iliyolala chini ya reli. Jioni nikamwambia nimesikia chuma. Alicheka mpaka akashika magoti. "Kijana, kabari iliyokaza hulia. Iliyolegea hukohoa. Kesho rudi usikilize vizuri."

Nilisikiliza mpaka nikastaafu. Basi fikirieni nilivyochemka binti yangu Wangari, muuguzi wa Othaya, aliponiambia masikio yangu yamekwisha.

"Baba, jana lori lilikupita pale kona ukashtuka. Hukusikia honi. Hiyo pikipiki uiache."

"Lori lenyewe halikupiga honi!"

"Lilipiga. Mimi nilikuwa kwa gari iliyokuwa nyuma yake."

Mimi ni mbishi, sikatai. Maneno ya mtu aliye mbele yangu nayapata, kwa hiyo nikampa masharti. Nitapanda pikipiki peke yangu siku nzima, nifuate njia yangu ya kazi kutoka Karatina hadi Nanyuki, nigonge kabari kama zamani. Nikizisikia, asinisumbue tena. Nisipozisikia, ufunguo ni wake.

Nilitoka nyumbani Mukurweini asubuhi, baridi ikiuma vidole, nyundo nimeifunga nyuma ya kiti. Karatina nilizungukazunguka stesheni kama mgeni. Nilitaka kujua kila kitu: nani analala siku hizi kwenye nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, magunia ya viazi yanapitia wapi, treni inapita lini. "Ya mizigo haina saa, Mzee," mlinzi aliniambia. Nikagonga kabari moja. Nilisikia. Au nilijiambia nimesikia.

Kiganjo ndiko nilikohamishiwa baadaye, chini ya Inspekta wa Njia, mtu wa maneno machache aliyetukagua akiwa juu ya kiberenge, kile kigari kidogo cha relini. Siku moja mvua ilinyesha hata mlio wa nyundo ukapotea. Inspekta akashuka, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake safi, akaweka kiganja juu ya reli. "Mvua ikikuziba masikio, uliza mkono," akasema. Nikadhani ni madoido ya wakubwa. Nilipoweka wangu, ukaanza kuwasha kwa ndani. Tukakaa kando, na kweli, treni ikatokea.

Nikapita Kiganjo, nikakata njia ya vumbi mpaka kwenye machimbo tulikokuwa tukichukua kokoto ya kutandika chini ya reli. Lo! Kilima nilichokiacha kimekuwa shimo. Watu wanakata mawe ya kujengea, na pembeni mama mmoja, Mama Njeri, anavunja kokoto kwa nyundo. Nikamuuliza anajuaje jiwe litapasukia wapi.

"Linaniambia lenyewe, Guka!" alijibu, yaani babu. "Unagonga, unasikia!"

Nilifurahi kukutana na mtu wa kazi moja na mimi. Alikuwa akipaza sauti sana, nikadhani ndiyo tabia ya watu wa machimbo.

Reli inapita kwenye ukingo wa juu wa shimo lile, penye kona. Nikapanda na nyundo yangu. Nikagonga kabari ya kwanza. Niliiona nyundo ikishuka, niliona chuma kikitikisika, lakini hakikulia wala hakikukohoa. Nikagonga nyingine, kwa nguvu zaidi. Kimya. Ngai! Mungu wangu! Nikapiga magoti, nikaweka kiganja juu ya reli, angalau nijue kama hiyo kabari imekaza.

Mkono ukaanza kuwasha kwa ndani.

Nikainuka, nikaruka kando. Treni ikachomoza konani, dereva ameinama dirishani, mdomo wazi, akinipungia mkono kwa hasira. Chini, Mama Njeri alikuwa anapanda mbio, leso ikipepea mkononi. Treni ilipokwisha kupita akanishika mashavu, akaniangalia usoni.

"Guka! Imepiga honi tangu kule kwa daraja! Wewe husikii?"

Nilikaa juu ya jiwe. Nyinyi vijana mnadhani kustaafu ni siku ya kurudisha nyundo. Mimi nilistaafu pale. Niliona uchungu, nisiwadanganye. Mkono uliniokoa, lakini barabarani hakuna reli ya kushika.

Nikamwomba Mama Njeri ampigie Wangari simu. Alasiri akafika, bado na viatu vyake vyeupe vya hospitali. Hakunigombeza. Nikamtolea ufunguo kabla hajaketi.

Akautazama, kisha akaja mbele yangu nimwone vizuri. "Si ulisema mpaka Nanyuki?"

"Nilisema."

"Basi panda."

Kuendesha nilimfundisha mwenyewe. Nikakaa nyuma kwenye pikipiki yangu kwa mara ya kwanza, nyundo mapajani, Mlima Kenya umejifunua upande wa kulia, reli ikitufuata. Karibu na Naro Moru Wangari akasema kitu. Sikusikia neno. Nikaweka kiganja mgongoni mwake, nikajua anacheka.