Sufuria Iliyotembea Nyumba Tatu

"Hodi humu ndani!"

Asubuhi hii anasimama mlangoni kwa fundi cherehani, utepe wa kupimia watoto ukining'inia shingoni. Mtaani wanamwita Bibi Utepe. Anampakata mtoto wa fundi, anamzungushia utepe mkononi, juu ya kiwiko. Rangi ya kijani, mambo mazuri; njano, tahadhari; nyekundu, hospitali moja kwa moja. Leo ni kijani. Kisha huyo, jikoni, kufunua sufuria.

Kazi hii alipewa na majirani wenyewe, baada ya watoto wawili kulazwa kwa utapiamlo. Mshahara hakuna. Anaishi kwa kuuza mboga za uani, na siku ya kupima hauzi hata fungu moja. Anachokiona majikoni ndicho kinachoamua nini kipandwe kwenye shamba la pamoja, nyuma ya shule.

Mwaka jana nusura aangue kilio na kicheko kwa mpigo. Nyumba ya kwanza, maharagwe. Ya pili, maharagwe. Ya tatu akaikuta sufuria ileile, iliyobonyea ubavuni, bado inafuka mvuke.

"Nikasema, jamani, maharagwe haya leo yametembea kuliko mimi!"

Fundi cherehani, mwenye sufuria ile, anacheka huku ameinamisha uso. "Tuliona aibu, bibi, tukachanga sufuria moja tuwe tunaazimana. Nani anataka kufunuliwa maji matupu?"

Bibi hakumgombeza mtu. Alikwenda mkutanoni akasema mtaani maharagwe hakuna, basi. Nyumba hakuzitaja. Msimu uliofuata shamba likapandwa maharagwe, na mbegu wakajihifadhia wenyewe. Sasa kila jiko lina sufuria yake.

Lakini tangu siku ya sufuria ile, simu za binti yake zinamnyima raha. Binti ameolewa mbali, ana mtoto anayeanza kutembea, na bibi mtu hajamwona. Kila akiuliza wanakula nini, jibu ni hilohilo: "Tunakula vizuri, mama. Usijali."

"Vizuri gani?" anamuuliza fundi, akiukunja utepe polepole. "Hapa nimeshika mikono ya watoto wa watu wote. Wa mjukuu wangu sijaugusa. Nina hamu naye mpaka naumwa, mwanangu."

Wakishavuna, atafunga safari na mfuko wa mbegu. Utepe atauvaa shingoni kama kawaida. Ila hatampigia binti simu kwamba anakuja.

"Nikipiga," anasema, "ataazima sufuria."